Kidole Ambacho Sikukishuku

Kabla hujaendelea kusoma, vua viatu utazame nyayo zako. Tazama visigino, tazama na kati ya vidole. Kama una mtu wa kukutazamia mgongo, mwite akutazame. Nenda, nakusubiri. Nimesubiri kwenye mabenchi ya hospitali miaka mingi, siwezi kushindwa kukusubiri wewe.

Sasa tuanze. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia barazani karibu na soko la Nachingwea, na tangu utotoni ni mtu wa kushuku. Mteja akiniambia kitambaa chake ni mita tatu, nakipima mbele yake. Akisema atakuja kesho kuchukua nguo, namwuliza kesho ipi. Mke wangu Somoe husema siku niliyozaliwa nilimkodolea mkunga macho nikitaka kujua ametokea wapi. Na mimi nilijivunia tabia hiyo. Nilidhani mtu anayeshuku kila kitu hawezi kupatikana.

Nilipatikana kwa mguu wa kulia, ule ninaokanyagia pedeli ya cherehani.

Kila kiangazi nilikuwa napasuka magaga, visigino vinakuwa kama udongo wa bwawa lililokauka. Kwetu kusini dawa ya magaga haiko dukani. Somoe ni mbanguaji wa korosho. Kwao ni Lionja, na huko msichana hujua kubangua kabla hajajua kusuka nywele. Hukaanga korosho kwenye bati lililotobolewa matundu, maganda yakianza kutoa mafuta na moto kuruka juu anayamwagia mchanga, kisha anapasua moja moja kwa kigongo. Mafuta yale ni makali. Yakigusa ngozi yanaiunguza, inakuwa nyeusi, baada ya siku kadhaa inabanduka. Mikono ya wabanguaji wote ina mabaka hayo. Kwa sababu hiyohiyo tunayapaka kwenye magaga: gamba gumu linaungua, linabanduka, na kisigino kinabaki laini.

Siku moja, ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Somoe alikuwa ananipaka akasimama.

"Baba Rehema, hapa pana doa jeusi halibanduki."

"Ni mafuta yako hayo," nikamwambia.

"Mafuta yangu hubanduka."

"Basi ongeza."

Akaongeza. Tulilipaka doa lile msimu mzima wa korosho, na msimu uliofuata pia. Mimi, mtu wa kupima kitambaa cha watu mbele ya macho yao, nililikanyaga doa hilo miaka miwili bila kulishuku hata siku moja, kwa sababu nilikuwa na maelezo yake. Hilo likumbuke, maana ndilo lililoniponza mara mbili.

Msimu wa tatu doa likachimbika, likawa kidonda, kidonda kikawa kinatoa damu kwenye kandambili. Nikapewa marhamu, nikapewa vidonge, nikachomwa sindano. Mwishowe nikapanda lori la mizigo mpaka hospitali ya misheni, safari ya nusu siku na vumbi lake.

Kule ndiko nilikoanza kuyajua mabenchi. Nilikaa na mguu wangu umefungwa kitambaa, kidonda kinanuka. Aliyekaa karibu nami alisogea, wa pili akamfuata, mpaka benchi la watu sita likawa langu peke yangu. Walidhani nina ukoma. Niliumia, sitakudanganya. Nilitaka kusimama niwaambie sina ukoma, lakini sikujua nina nini.

Daktari alikuwa mtu mzima, Mtanzania mwenzetu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi nimsogelee nimsikie, na hilo nalo nikalishuku. Alikata kinyama kidogo kikapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Wakati ule hakukuwa na daraja la Rufiji. Kitu kilichokwenda Dar kilikwenda kwa barabara ya mchanga, kikangoja kivuko, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo likitaka lenyewe. Ufuta ulikatwa, ufuta ukapigwa, jibu halijafika. Lilipofika lilisema ni saratani ya ngozi, ile ya doa jeusi. Daktari aliitaja kwa jina lake, melanoma, akaniandikia kwenye daftari langu la matibabu.

Akaniambia watakata sehemu kubwa ya kisigino, kisha watachukua ngozi ya paja waweke kiraka. Mimi viraka ndiyo kazi yangu. Nikamwuliza atashona kwa mkono au kwa mashine. Hakucheka.

Nilikaa wodini mguu juu mpaka kiraka kikashika. Kabla ya kunitoa, daktari alikuja akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Fundi," alisema, "hili tumelitoa. Lakini ngozi iliyotoa doa moja la namna hii inaweza kutoa jingine, mahali pengine kabisa. Sisemi hili litarudi. Nasema jipya. Hatari yako ni kubwa kuliko ya mtu ambaye hajawahi kupata. Kwa hiyo utajitazama mwili mzima kila mwezi, nyayo, viganja, kucha, mgongo, mpaka siku utakapokufa kwa jambo jingine."

Nilimtazama usoni nikajiambia: huyu amebakisha kitu kisiginoni, anajitengenezea maelezo mapema.

Nikamwuliza swali moja zaidi. Nilitaka kujua kama mafuta ya korosho ndiyo yaliyoniletea ugonjwa. Alinijibu wazi, kwa maneno machache. Jibu lile niliondoka nalo moyoni, sikumwambia mtu, na nitalitaja mahali pake.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa mvua zile kubwa za El Nino, barabara zikakatika nyuma yangu. Mvua ikinyesha siku nzima hakuna wateja, na mtu asiye na kazi huwaza mabaya. Nilikaa natazama mguu wangu, kisigino kimegeuka kitu cha ajabu, chekundu upande huu na cheusi upande ule, na paja linawasha. Siku moja Somoe aliingia kutoka jikoni na mikono yake yenye mabaka. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyenichoma."

Alisimama pale na sufuria mkononi. Aliweka sufuria chini, akatoka nje kwenye mvua akasimama chini ya upenu. Toka siku hiyo hakuwahi tena kunipaka kitu chochote mwilini, hata mafuta ya nazi.

Lakini kunitazama alinitazama. Daktari alikuwa amesema, naye aliposikia alilishika kuliko mimi. Ndipo tulipoanza mambo ya karatasi. Mafundi tunakata vipimo kwenye karatasi za kaki, zile nene za kufungia mizigo. Nililala kifudifudi mkekani, Somoe akanichora mgongo mzima kwa penseli, kisha akaweka kila alama mahali pake: vidutu, kovu la tetekuwanga, chale nilizochanjwa nikiwa mtoto. Tukachora na nyayo. Kila mwezi mwandamo ukionekana tunatoa karatasi, anapima kwa futi yangu ya kushonea, anaandika pembeni. Alama ikiwa ileile tunashukuru Mungu. Ikitokea mpya, tunaikodolea macho mwezi mzima. Ukiwa huna njia nyingine, jaribu hii. Macho husahau, karatasi haisahau.

Usidhani tulikaa kwa amani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uvimbe wa mbu, naenda hospitali. Upele wa jasho, naenda hospitali. Mara nne nilipanda lori kwa sababu ya vitu vilivyobanduka kabla sijafika. Na Somoe alipokuwa akisema, "Mgongoni hamna kitu," nilikuwa namtaka aape. Nikamshuku kwamba ameona akanyamaza. Nikaweka vioo viwili, kimoja mbele kimoja nyuma, nijionee mwenyewe, nikaambulia kuumia shingo.

Mikono sikumruhusu aichore. "Mikono naiona mwenyewe kutwa nzima," nilimwambia. "Iko mbele ya pua yangu kwenye sindano."

Miaka ikapita. Rehema, binti yetu, aliolewa akaenda zake. Daraja la Rufiji likafunguliwa. Mguu ulizoea, nikajifunza kukanyaga pedeli kwa vidole vya mbele badala ya kisigino. Nikaanza kusema nimepona kwa sauti.

Mwaka mmoja baada ya daraja, mwanzoni mwa kiangazi, ulitokea mstari mweusi kwenye ukucha wa kidole gumba cha kushoto. Mwembamba, umesimama wima kutoka kwenye nyama mpaka ncha ya ukucha. Kidole hicho ndicho kinachosukuma kitambaa kwenda kwenye sindano. Fundi yeyote atakuambia sindano humchoma hapo mara ngapi. Damu inavilia chini ya ukucha, inakuwa nyeusi, siku zinapita.

Somoe aliuona siku namenya chungwa.

"Kidole kimefanya nini?"

"Sindano."

"Lini?"

"Mama Rehema, unataka nikose na kidole? Mguu haukutosha?"

Akainama akaendelea na yake. Hakuuliza tena, na mimi nikaona nimeshinda.

Miezi ikaenda. Mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa sare za shule, kitambaa cha bluu na cheupe kimejaa baraza zima, na karatasi za kukatia vipimo ziliniishia. Somoe alikuwa sokoni. Nikafungua sanduku lake nikijua huwa anatunza mabaki ya karatasi. Chini kabisa, ndani ya khanga iliyokunjwa, nikakuta karatasi tano zimeviringishwa pamoja. Nikazikunjua.

Kila moja ilikuwa na mkono. Mkono wangu wa kushoto, umechorwa kwa kuzungushiwa penseli, vidole vyote, hata kovu la mkasi lilikuwepo. Kwenye kidole gumba pametiwa mstari. Juu ya kila karatasi pana maneno ya kutaja msimu, kwa mwandiko wa Somoe: "Ufuta unakatwa." "Mikorosho inapuliziwa." "Maua." "Mabibo yameanza." "Korosho."

Mimi sijawahi kuuweka mkono wangu kwenye karatasi. Kwa hiyo nilichorwa nimelala. Nikakumbuka Ijumaa ninavyotoka msikitini, nikila ugali, nalala mkekani usingizi mzito mpaka alasiri. Na kwetu kila mtu anajua habari za watu waliochukuliwa unyayo, waliochukuliwa kipimo, na kilichowapata baadaye. Mwanamke niliyemwambia amenichoma alikuwa na sababu ya kunichoma kweli. Hayo ndiyo niliyoyaamini mchana ule, nimekaa sakafuni katikati ya sare za watoto wa watu.

Sikumngoja. Nilizibeba karatasi nikapanda gari la Ruangwa, aliko mjomba wangu. Kwetu mambo mazito ya mtu huenda kwa mjomba wake, ndugu wa mama yake, na hata mke wa mtu huitwa mbele ya mjomba huyo. Nilifikia kwa dada yangu Zainabu, ambaye nyumba yake na ya mjomba zinatazamana. Dada alizitazama karatasi akashika mdomo.

"Kaka, nilikwambia. Mimi nilikwambia tangu ule mguu."

Somoe akaitwa. Alifika kesho yake, amevaa khanga yake ya safari, akakaa mkekani kwa mjomba. Mjomba, mzee aliyekulia Kimwera na aliyejifunza Kiswahili ukubwani, alizishika karatasi kwa ncha za vidole kama vile zinaunguza.

"Nkono wa ntu unachorwa amelala," alisema. "Nani huchukuliwa kipimo amelala? Maiti, akishonewa sanda. Mpwa wangu, kikulacho ki nguoni mwako."

"Mjomba," Somoe alisema, "muulizeni kidole. Msiniulize karatasi."

Wote wakanitazama kidole. Nilikikunja ndani ya kiganja.

"Sindano," nikasema. "Mimi ni fundi, nachomwa na sindano. Na wewe useme, kwa nini umenichora kwa kificho?"

"Kwa sababu nilikuambia la kisigino ukasema ni mafuta yangu. Nikakuambia la kidole ukasema nataka ukose na kidole. Mdomo wangu kwako hauna kazi tena, Baba Rehema. Nikaona niache penseli iseme."

Dada Zainabu akaguna. "Maneno mazuri hayo, wifi. Umeyafundishwa wapi?"

Mjomba aliamua karatasi zichomwe hapohapo. Moto wa jikoni ulikuwa mbele ya mlango. Nilichukua ya juu, ile ya maua, nikaitia motoni kwa mkono wangu, na ikashika mara moja. Somoe aliruka. Alizipokonya zile nne zilizobaki akazikumbatia kifuani, na sijawahi kumwona mke wangu na uso ule, si siku ya ndoa, si siku ya msiba wa mama yake.

"Hizi hamchomi," alisema. "Nichomeni mimi."

Akatoka. Hakuaga. Tulimwona anashuka kwenda kituoni na karatasi zake kwapani. Dada akasema, "Umeona anavyozing'ang'ania?" Mimi nikasema nimeona. Nilidhani amekwenda kwao Lionja, na nikaamua sitamfuata.

Nilikaa Ruangwa siku tisa. Sitaki kusema uongo, nilikuwa na raha ya ajabu, raha ya mtu aliyeambiwa na wote kwamba hakukosea. Lakini kila nilipokaa peke yangu nilikuta nimeshika kidole gumba kwa mkono wa kulia, nakisugua.

Siku ya kumi, mchana, Somoe alisimama uani kwa dada. Alikataa kuingia, alikataa hata maji. Alinikabidhi bahasha na zile karatasi nne.

"Nimetoka misheni," alisema. "Nimekaa benchini siku mbili mpaka daktari yule mzee akanipokea. Soma."

Barua ilikuwa fupi. Daktari ameona michoro, alama inaongezeka, niletwe haraka bila kungoja korosho ziishe wala sikukuu ipite. Nikatoa daftari langu la matibabu, ambalo huwa natembea nalo, nikalinganisha miandiko. Ndiyo, nilifanya hivyo, na mke wangu amesimama juani ananitazama nikifanya. Mwandiko ulikuwa wake kweli. Bado moyo ukasema: huenda amemdanganya daktari.

Basi nikafanya kitu ninachokijua. Nikazitandika karatasi nne kwenye mkeka kwa mpango, ufuta, mikorosho, mabibo, korosho, nikavua futi shingoni, nikapima mstari. Wa kwanza ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Wa pili kama uzi uliokunjwa mara mbili. Wa tatu nikauona kwa macho kabla ya kupima. Wa nne ulikuwa umekula robo ya ukucha, na pembeni yake Somoe alikuwa ametia vidoti vidogo kwenye ngozi, nje ya ukucha. Nikaweka kidole changu juu ya karatasi ya mwisho. Weusi wa kidole ulikuwa umekwisha upita ule wa penseli.

Damu ya sindano naijua. Inapanda na ukucha, inasogea mbele wiki baada ya wiki, mpaka siku moja naikata kwa mkasi na ukucha wake. Imenitokea mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Huu mstari ulikuwa umeota mizizi palepale miezi sita. Nilikuwa nikilijua hilo na sikutaka kujiuliza, kwa sababu nikikosa kidole kile nitashonaje? Nilimshuku daktari, nikamshuku mke wangu na mgongo wangu. Kile kilichokuwa mbele ya pua yangu nilikitetea.

"Karatasi ya tatu iko wapi?" Dada Zainabu aliuliza kwa sauti ndogo. Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Kisha akakumbuka iko wapi, akaingia ndani.

Tulikwenda misheni siku iliyofuata, mimi na Somoe. Tulikaa kwenye benchi lilelile, safari hii hakuna aliyesogea, watu walitubana. Na hapo ndipo nikaona siwezi kuingia kwa daktari na kile nilichokificha.

"Mama Rehema," nilimwambia, "karatasi nimekosa. Nisamehe."

"Karatasi nimesamehe," alisema bila kunitazama. "Karatasi ni woga. Kisigino je?"

Alikuwa amekaa na neno lile tangu mvua za El Nino. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba siku ya kutoka wodini nilimwuliza daktari kama mafuta ya korosho ndiyo yaliyoniletea saratani, naye akajibu hapana, hana sababu ya kusema hivyo, kwamba mafuta yalituficha tu tusilione doa, na anayepaswa kulaumiwa hayupo. Nilirudi nyumbani nalijua hilo. Nilipomwambia "wewe ndiye uliyenichoma" nilikuwa nalijua. Ila ilikuwa nafuu kwangu ugonjwa ule uwe na jina la mtu.

"Miaka saba," Somoe alisema.

"Miaka saba."

Aliinuka akatoka. Nikasema moyoni, sasa ameniacha, na ni haki yake. Nilikaa nikaitwa jina mara ya kwanza nikasema bado namngoja mtu. Kisha nikamwona anarudi na kikombe kimoja cha chai na andazi moja. Akakaa. Akala andazi lote. Chai alikunywa nusu, akaniwekea kikombe mkononi, kwenye ule mkono wa kushoto, akakifunga kidole gumba changu juu yake. Nilikunywa. Machozi yalinitoka mbele ya watu wote na sikuyafuta.

Kidole kilikatwa kwenye kiungo cha kwanza. Kinyama kilipelekwa Dar, na safari hii jibu halikungoja kivuko. Daktari, mvi zimemjaa sasa, aliniita. Lilikuwa doa jipya, si lile la kisigino lililosafiri, na lilikuwa halijazama sana. "Ungekuja masika," aliniambia, "tungezungumza habari nyingine." Kisha akataka kuziona zile karatasi tena, akazipanga mezani, akauliza iliyopungua.

"Niliichoma moto," nikasema.

Alinitazama kidogo. "Basi shukuru mkeo ana mbio," akasema.

Kushona nilijifunza upya. Kitambaa sasa nakisukuma kwa vidole viwili vya pembeni, na kola bado zinanisumbua. Mwanzoni wateja walikwenda kwa mafundi wengine, wengine wakarudi. Mjomba alinitumia jogoo na hakueleza ni wa nini. Dada Zainabu alikuja mwenyewe, akamletea wifi yake kochoko, yale mabibo yaliyokaushwa, wakakaa jikoni kutwa wanasemana kwa mafumbo na kucheka, na mimi sikuambiwa kilichozungumzwa.

Wewe unayepita njia hii, nakuachia haya machache. Usiamini doa kwa sababu una maelezo yake. Kila mtu ana maelezo: mkulima atasema jembe, mpishi atasema moto, mimi nilisema sindano. Ukishapata moja, usimalize kutazama, hata miaka saba ikipita. Na kama nyumbani kuna mtu anayekutazama kuliko unavyojitazama, usimnyamazishe.

Sasa hivi kila mwezi nalala mkekani mgongo juu, nageuka tumbo juu, kisha nakaa nautandaza mkono wangu juu ya karatasi nikiwa macho kabisa, na Somoe anauzungushia penseli. Inanitekenya. Ananiambia nitulie.

Msimu wa korosho uliopita alikuwa anabangua uani, nikamwona ana doa jeusi kwenye kiganja, chini ya kidole cha shahada. Duara, ukubwa wa punje ya mtama.

"Hilo nini?"

"Mafuta ya korosho," alisema bila kuinua macho. "Yatabanduka."

Niliingia ndani nikarudi na karatasi, penseli na futi. Akanitazama.

"Baba Rehema, nina kazi."

"Hata mimi nilikuwa na kazi. Weka mkono."

Aliguna, akapangusa kiganja kwa majivu, akakiweka juu ya karatasi. Nikauchora mkono wake wote, kidole kimoja kimoja, na mabaka yake yote ya korosho aliyoyapata kwa miaka thelathini ya kulisha nyumba yangu. Nilichukua muda mrefu. Juu nikaandika: "Mabibo yameanza."

Siku ya kumi na nane doa likabanduka lenyewe. Lilikuwa mafuta ya korosho. Somoe alicheka mpaka akaketi chini, akawaita majirani waje wamwone fundi anayepima mabaka ya mkewe kwa futi. Niliwaacha wacheke. Nilikunja karatasi yake, nikafungua sanduku, nikaiweka ndani ya khanga ileile, juu ya zile zangu nne.